Majani Mawili ya Bahari Yetu, na Wala Si Mwani

Wazee walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi mwaka huu nimeona kwamba hata asiyejua jina ni vigumu kumwambia maana. Nimeandika juu ya mimea miwili inayoota chini ya maji hapa kwetu Chale na pande za Gazi. Najua wako watakaosema, "Chama cha Kiswahili na baiolojia wapi na wapi?" Ngojeni kidogo. Shida yenyewe, kwa maoni yangu, nusu yake ni ya Kiswahili.

Mambo yalianzia darasani. Katika Kidato cha Tatu tunasoma uainishaji wa viumbe, na mwalimu wetu alitueleza kwamba mimea inayotoa maua imegawanyika makundi mawili makubwa. Kundi moja mbegu yake ina vipande viwili, kama kunde, mbaazi na embe. Kundi la pili mbegu yake ina kipande kimoja tu, nayo huitwa monokotiledoni. Ukitaka kuitambua bila kupasua mbegu, tazama jani. Mishipa yake hukimbia sambamba toka chini hadi juu kama mistari ya daftari, wala haitawanyiki kama wavu. Mizizi nayo ni mingi na midogo midogo, hakuna mmoja ulio mkuu. Mahindi, mpunga, muwa, mgomba, mnazi, mkindu na mkoma wote ni wa ukoo huo.

Kisha tukapewa kazi ya likizo: kila mmoja atafute mimea miwili ya kundi hili, ailinganishe, na aeleze kama iko salama au inaelekea kumalizika. Nusu ya darasa walileta hindi na kuti la mnazi. Mmoja alileta kitunguu kutoka jikoni kwa mamake, sote tukacheka, kumbe yeye ndiye aliyekuwa amesoma. Kitunguu ni monokotiledoni kweli.

Mimi nilikuwa sijaleta kitu. Nyumbani kwetu hakuna shamba la kutajika, sisi ni watu wa bahari. Babu yangu ni mvuvi wa malema, yale matego ya kusuka yenye mlango wa kuingilia samaki asijue kutoka. Kabla ya kuyatumbukiza huyatia majani ya baharini ndani, kwa sababu tafi na pono wanayapenda. Jioni moja nilikuwa nakaa naye akitengeneza lema lililopasuka, na mkononi nimeshika kitawi cha hayo majani, nakichezea tu. Nikakiinua kwenye mwanga. Mishipa ilikuwa imenyooka, mstari kwa mstari, kama ya muhindi.

"Babu," nikamwuliza, "huu unaota kutoka kwa mbegu?"

"Mwani hauna mbegu, mjukuu wangu."

"Lakini huu una mizizi."

Akauchukua, akaugeuza, akanirudishia. "Basi huo si mwani. Hayo ni majani."

Hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya likizo. Mwani, kama ule unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni huko chini karibu na Shimoni, hauna mizizi ya kunyonya chakula, hauna ua, hauna mbegu. Hujishika tu kwenye jiwe au kwenye kamba. Lakini majani haya yana shina, mizizi, maua na mbegu kamili. Ni mimea ya ukoo ulioishi nchi kavu zamani sana ukarudi baharini. Hutoa maua chini ya maji, na chavua yake si vumbi kama ya mahindi bali ni nyuzi nyembamba zinazochukuliwa na mkondo kutoka ua hadi ua. Duniani iko aina kama sabini hivi. Kenya zimeandikwa aina 12, na zote ni monokotiledoni. Kati ya hizo 12 mimi nilichagua mbili.

Ya kwanza sikuitafuta, maana ndiyo iliyokuwa mkononi mwangu. Jina lake la kitaalamu ni *Thalassodendron ciliatum*. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hupwa mpaka mtu anaweza kutembea kuelekea kisiwani Chale, na hapo utaikuta imelala kwenye mawe na mchanga imefunika kila kitu. Ina shina gumu kama kijiti, refu kupita rula ya darasani mara nyingine, na majani yamekaa kileleni tu, kama kishungi. Kila jani lina upana wa kidole cha mtoto, na ukipitisha ukucha kwenye ukingo wa ncha utahisi vijimeno vidogo kama vya msumeno. Shina limejaa alama za mviringo. Kila alama ni mahali jani lilipoanguka. Wataalamu huzihesabu alama hizo ili kukisia umri wa mmea. Mimi nilijaribu kuhesabu, nikapotea nikiwa ishirini na kitu, nikaacha.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni uzazi wake. Mmea dume ni mbali na mmea jike, kama mpapai. Na mbegu haianguki ikiwa mbegu. Huchipua ikiwa ingali juu ya mamake, ikatoa vijani, halafu mche mzima ndio unaojitenga ukaenda na maji kutafuta pa kushika. Mtu wa Gazi hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu mkoko hufanya vivyo hivyo.

Ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Inaitwa *Zostera capensis*. Hii haina shina la kusimama. Majani yake hutoka moja kwa moja kwenye tope, membamba kama utepe, milimita moja au mbili tu kwa upana, na ncha yake ni ya mviringo. Haipendi mawimbi ya mwambani. Inapenda matope tulivu ya midomo ya mito na hori, mahali panapofunikwa na maji na kufunuka kila siku. Ua dume na ua jike hukaa pamoja ndani ya ala moja. Nikasema basi, mahali pa kuitafuta ni Gazi, ambako mito Kidogoweni na Mkurumudzi inaingia baharini katikati ya mikoko.

Nilikwenda mara ya kwanza na binamu yangu. Tukazama kwenye tope mpaka magotini, tukapoteza kiatu kimoja (changu), na nikarudi na majani membamba nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota dhahabu. Mwalimu akaniletea lenzi. "Tazama ncha," akaniambia. Nikatazama. Ncha ilikuwa na meno matatu, mawili pembeni na moja katikati. Hiyo ni *Halodule uninervis*, aina nyingine kabisa, inayopatikana kwa wingi. Nikaenda mara ya pili wakati wa bamvua iliyofuata, nikapekua kuanzia maji yanapwa mpaka yanaanza kujaa. Kila utepe nilioutazama ulikuwa na meno. *Zostera* sikuiona, na mpaka naandika haya sijaiona kwa macho yangu. Nawaambieni ukweli kwa sababu mwenzangu mmoja alinishauri niandike nimeiona, ati nani atajua.

Haya majina marefu msiyaogope. *Thalassodendron* limetoka Kigiriki, *thalassa* ni bahari na *dendron* ni mti. Mti wa bahari. *Zostera* ni mkanda au mshipi, nalo *capensis* ni "wa Rasi," yaani Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini. Na kuna kisa. Huo mti wa bahari ulielezwa kwa mara ya kwanza na Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyesafiri Misri na Uarabuni, akafia Yemen mwaka 1763. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1775 yeye akiwa ameshakufa, na humo mmea huo aliuita *Zostera ciliata*. Yaani hawa wawili ninaowalinganisha walikuwa na jina moja la ukoo! Ni mwaka 1970 ndipo mtaalamu mwingine, den Hartog, alipoutia mmoja kwenye jina la *Thalassodendron* linalotumika leo.

Sasa tufike kwenye usalama wao. Liko shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lililoundwa mwaka 1948, ambalo huweka Orodha Nyekundu ya viumbe na mimea. Kila aina hupewa daraja. Mti wa bahari umewekwa kwenye daraja lisilotia wasiwasi mkubwa. Mkanda wa Rasi umewekwa kwenye daraja la kwanza kati ya yale matatu ya kuogopesha, ukizidi hapo unaingia hatari kubwa, halafu hatari kubwa mno.

Nilipoona hivyo nilidhani nimeelewa. Mmoja yuko salama, mwingine yuko hatarini, kazi imekwisha, nipewe alama zangu. Lakini niliposoma jinsi mimea yenyewe inavyokua, nikaona mambo hayaendi hivyo.

Nitaeleza kwa mfano wa mnazi na nyasi za uwanja wa mpira. Mnazi hukua kutoka kileleni. Ukiukata kichwa, hata kama shina limesimama wima, mnazi huo umekufa. Nyasi hukua kutoka chini. Mbuzi akizila leo, baada ya mvua zimerudi. Sasa mti wa bahari una tabia ya mnazi, kiini chake cha kukua kiko juu ya shina, kwenye kile kishungi cha majani. Kishungi kikikatwa, shina hilo halina lake tena, na pengo hungojea mashina mapya yatambae kutoka pembeni polepole. Mkanda wa Rasi una tabia ya nyasi, kiini kimefichwa chini karibu na tope. Kwa hiyo ukitazama mmea kwa mmea, anayeumia haraka akikatwa ni yule aliyeandikwa salama!

Basi kwa nini orodha imegeuka? Kwa sababu orodha inatazama dunia nzima. Mti wa bahari unaota kuanzia Bahari ya Shamu, pwani yote ya Afrika Mashariki, hadi magharibi ya Pasifiki. Ukimalizika Chale, dunia haitajua. Mkanda wa Rasi unaota upande huu wa Afrika tu, kuanzia Afrika Kusini hadi Kenya, na Madagaska. Tena makao yake ni midomo ya mito, mahali ambapo watu hujenga, huchimba chambo, hukanyaga, na ambapo mvua kubwa huleta udongo wote wa mashamba ya juu ukaufunika. Mmea hodari, lakini nyumba yake ni finyu na iko njiani.

Kwa hivyo mwanafunzi akiulizwa "upi uko salama?" lazima kwanza aulize "wapi?" Na hapa kwetu jibu si la kupendeza. Watafiti waliotumia picha za setilaiti walikadiria kwamba Kenya ina kilomita mraba kama 317 za majani ya bahari, na kwamba tangu mwaka 1986 hadi 2016 yalikuwa yakipungua kwa wastani wa asilimia 0.85 kila mwaka. Kufikia 2016 kasi ilikuwa imepanda hadi asilimia 1.59. Mti wa bahari ndio mwingi zaidi pwani yetu, na wao wenyewe walisema uvuvi ni sababu mojawapo kubwa.

Kuna wanyama wa mviringo wenye miiba mwili mzima, mnawajua, wale wanaotuchoma miguu. Wanakula kishungi cha mti wa bahari, hasa wakiwa wengi. Zamani walizuiwa wasizidi na samaki kama kikande, ambaye ana meno ya kuvunja miiba. Kikande akivuliwa akaisha, wenye miiba huzaana bila wa kuwauliza, na utakuta mahali palipokuwa kijani pamebaki vijiti vitupu. Babu alinionyesha pahali kama hapo. Alisema alipokuwa kijana alikuwa akitega lema pale pale.

Halafu liko juya. Hapa naandika kwa uzito, na mhariri akiona nimevuka mpaka na apunguze. Juya ni wavu mrefu wenye mfuko katikati na chubwi nzito chini, unaozungushwa na mashua halafu watu kumi au zaidi wanauvuta hadi pwani. Chubwi hizo hukwaruza chini na kung'oa kila kitu. Ukisimama wakati juya linatoka majini, mara nyingine mfuko una majani mengi kuliko samaki, na samaki wenyewe ni tafi wadogo wa urefu wa kidole. Serikali ilipiga juya marufuku mwaka 2001, mimi sijazaliwa. Hata hivyo nimeliona.

Na kwa nini nisiseme yote? Mwaka jana babu alikuwa mgonjwa miezi mitatu, malema yakakaa pwani yakivunjika jua. Kuna jamaa mmoja wa nyumbani, simtaji, ambaye alikuwa anavuta juya. Pesa zangu za chakula cha mchana shuleni na za vitabu katika miezi hiyo zilitoka mfukoni mwake. Kitabu cha baiolojia nilichosomea habari za majani haya kilinunuliwa na wavu uliokuwa ukiyang'oa. Nilipomweleza habari ya kishungi na mfano wa mnazi, hakukasirika. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Na mwezi wa tisa karo nani atatoa, hao wa miiba?" Sikuwa na jibu, na sijalipata.

Kuhusu hifadhi, eneo la Diani na Chale lilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari miaka ya 1990, lakini wavuvi walipinga kwa kuhofia kunyimwa bahari yao, na mpaka leo ukikaa pwani hutaona tofauti. Upande wa Gazi, wananchi wanatunza mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013 na kuuza hewa ya kaboni, na watafiti wa taasisi ya bahari ya KMFRI walio pale wamejaribu pia kupanda majani ya bahari. Mikoko ina bahati. Ina jina, ina urefu, mgeni akifika anapigwa nayo picha. Kisiwa cha Chale nacho kina msitu wake wa kaya, na mti wa kaya hakuna mtoto wa Kidigo asiyejua kwamba haukatwi ovyo. Lakini hatua chache kutoka chini ya miti hiyo, majini, kuna msitu mwingine ambao watoto haohao tunaukanyaga tukiwahi pweza.

Hapo ndipo narudi kwenye Kiswahili, kama nilivyoahidi. Niliwauliza wazee wanne na akina mama watatu wanaokwenda pweza, wanayaitaje majani haya mawili. Sita walisema "majani." Mmoja alisema "mwani" kisha akajirekebisha. Samaki tuna jina la kila mmoja, hata wale wasioliwa. Kwa upepo tuna kusi na kaskazi, matlai na umande. Lakini aina 12 za mimea inayowalisha tafi, kasa na nguva tumezitia zote kwenye kapu moja la "majani." Ikimalizika mmoja tutasema "majani yapo," kwa sababu mengine yatakuwepo. Hivyo ndivyo mkanda wa Rasi unavyoweza kuondoka Gazi bila mtu kutambua, kama haujaondoka.

Napendekeza basi, na wanachama mnaweza kunipinga kwenye mkutano wa Ijumaa, kwamba *Thalassodendron* tuuite mtibahari, na *Zostera* tuuite mkandatope. Najua la pili halipendezi sana masikioni. Mwenye zuri zaidi alete.

Nilimpelekea babu jina la kwanza ili nione atasemaje. Alikuwa anatia majani kwenye lema. "Mtibahari," akalirudia. "Mti usio na kivuli?"

"Una kivuli, babu. Waulize tafi."

Akacheka mpaka akakohoa. Asubuhi yake maji yalipopwa nilimkuta haking'oi kitu mwambani. Alikuwa anatembea kwenye mstari wa mawimbi, ameinama, anaokota yaliyoletwa na kusi usiku, anayatia kwenye pakacha. Sikumwuliza. Nilivua viatu nikaenda kumsaidia, nikiwa natazama kila utepe mwembamba uliochanganyika humo, kama ncha yake ina meno.